Jina Mara Mbili

Kama kungekuwa na mwingine mwenye mashine ya eko mjini Kalemie, Pétronille asingekanyaga kwa dokta Twahiri hata kwa kuburutwa. Lakini hakukuwa na mwingine. Mashine ile inayotazama ndani ya mwili bila kupasua ilikuwa moja tu upande huo wa mji, na mwenye nayo ni mtu ambaye tangu mwezi wa pili hakuwa amemjibu salamu. Wiki tatu kabla, dokta alikuwa amemchoma sindano nyembamba kwenye uvimbe wa shingoni, akapeleka majimaji yake ng'ambo hadi Dar es Salaam yakapimwe. Leo jibu lilikuwa limerudi. Pétronille alikaa kwenye benchi la kliniki tangu saa mbili asubuhi, uso ameukunja, na alipoitwa aliingia bila hodi.

"Lala," dokta alisema.

Hakukuwa na karibu wala habari gani. Alimpaka ule utelezi wa baridi shingoni, akapitisha kichuma chake huku na huku macho yakiwa kwenye kioo. Pétronille alitazama dari. Alihesabu madoa ya mvua kwenye mbao mpaka akayamaliza, akaanza upya.

"Njo kansa yenyewe," dokta alisema hatimaye, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Ndogo. Milimita nane, punje ya hindi. Haijatoka pale ilipoanzia. Ya namna hii inatembea polepole sana. Kuko wazee wanakufa nayo, na hawafi juu yake."

Pétronille aliketi, akajifuta shingo kwa kitenge chake.

"Kuko njia tatu," dokta aliendelea, bado anatazama kioo. "Ya kwanza ni kisu. Wanatoa nusu ya hii tezi ya kooni, ama yote. Ya pili ni kuichunga: unakuja hapa kila miezi sita, napima, na ikikua ndipo tunafanya kitu. Ya tatu ni sindano ya moto. Ncha yake inawaka kwa umeme na kuunguza kile kidude peke yake, hakuna kidonda cha kushona. Nilijifunza ng'ambo, na mashine nilirudi nayo. Lakini ingekuwa shingo ya mama yangu, ningeichunga tu."

Hapo alipomtaja mama yake, damu ilimpanda Pétronille kichwani.

"Unataka nikae na kansa shingoni," alisema. "Nikae nayo, niilishe, mpaka inimalize. Juu ya Anwari."

Twahiri alimgeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Jina la mudogo wangu usilitaje kwa hicho kinywa," alisema. "Toka."

Pétronille alitoka, na mlango aliubamiza.

Sasa, kinywa hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha, na mji mzima ulikijua. Pétronille alikuwa msomaji wa majina ya abiria, toka karatasi za boti, pale bichi, mahali boti za mbao zinapotua. Miaka ya amani ilikuwa kazi ndogo, ya kujua nani kafika na mzigo gani. Lakini mwaka ule wa 2025, vita vilipoteremka toka Goma mpaka Bukavu na watu wa Uvira wakaanza kukimbia kwa njia ya ziwa, kazi yake iligeuka kuwa kubwa kuliko ya mkubwa yeyote wa bandari. Boti zilikuja zimejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Huku nchi kavu walisimama ndugu, mamia, kila mmoja anataka kusikia neno moja tu. Kipaza sauti kiliibwa siku ya tatu. Likabaki koo la Pétronille, na koo hilo, ukiwasikiliza watu wa Mpala alikozaliwa, lilikuwa linaita mtumbwi wa baba yake toka ng'ambo ya ghuba.

Na kulikuwa na desturi, ya tangu wakati wa bibi yake Pétronille, wala haikuandikwa popote. Jina huitwa mara mbili. Mara ya kwanza msomaji hutazama boti, huita kuelekea majini, kisha hungoja. Mwenye jina akisema "Niko," hapo ndipo msomaji hugeuka, akaita mara ya pili kuelekea nchi kavu. Jina la majini ni swali na la nchi kavu ni jibu. Mtu wa ziwani akisikia jina la ndugu yake limeelekezwa kwake, haulizi tena, anaenda kubandika chungu.

Siku moja ya mwezi wa pili, magharibi, Pétronille aliita "Anwari" kuelekea nchi kavu. Mama Hidaya, mzee wa ile nyumba ya wafanyabiashara wa zamani karibu na msikiti, alianguka chini kwa furaha, watu wakamwinua. Mwanawe mkubwa, dokta Twahiri, alikuwa amekwisha kukodi boti ya injini iende Uvira alfajiri kumchukua mdogo wake. Aliposikia jina, aliwarudisha mabaharia nyumbani na kuwapa ahsante.

Anwari hakushuka. Walimtafuta siku tatu mjini, kwenye makanisa, kwenye madarasa waliyolala wakimbizi, wakidhani kapotelea humo. Siku ya nne abiria mmoja alieleza: kijana alikata tiketi, jina likaandikwa, lakini katika kusukumana hakupanda. Twahiri alikimbilia boti yake. Wakati huo hakuna baharia aliyekubali tena kuelekea kaskazini, hata kwa dawa. Tangu siku ile Anwari hakusikika.

Watu walipomuuliza, Pétronille alijibu kwa macho makavu, "Nilisoma kilichoandikwa. Mi si Mungu." Mji ukakubali, maana karatasi ni karatasi. Twahiri hakukubali, lakini hakuwa na la kumshikia. Kuanzia hapo wakawa wanapishana barabarani kama mbwa wasiojuana, kila mmoja upande wake.

Kwa hiyo, alipofukuzwa pale kliniki, Pétronille alimwendea dokta Salomon, mpasuaji, mtu mnene mwenye mikono safi na haraka zake.

"Kansa inatolewa," Salomon alisema. "Kitu kibaya hakichungwi. Njoo siku ya pili ya juma."

"Na sauti yangu?"

"Mushipa wa sauti unapita nyuma pale pale. Tunajaribu kuukwepa."

"Mnajaribu."

"Mama, mi siwezi kukudanganya. Wengi wanarudi na sauti yao. Wachache hawarudi nayo. Lakini wanarudi hai."

Hilo lilimridhisha kwa muda wa kutoka hapo mpaka kwa jirani yake Rosalie. Rosalie alikuwa amekatwa rovu, ule uvimbe wa shingo, miaka mingi nyuma, mbali huko, na kovu lake lilikaa shingoni kama mkufu. Alikuwa akitoa maneno kwa pumzi tu, na asiyemsogelea hasikii kitu. Pétronille alimkuta uani amesimama anapiga sufuria kwa mwiko, kwan-kwan-kwan.

"Mbuzi wangu kapita uzio," Rosalie alinong'ona. "Namuita."

Pétronille alimtazama yule mwanamke anavyopiga sufuria, na mbuzi hata sikio hageuzi. Aliogopa kama alivyokuwa hajaogopa kwa neno kansa. Alijiona bichi, boti imefika, yeye juu ya ubao na sufuria mkononi. Usiku mzima alibishana na moyo wake, na asubuhi alikuwa tena kwenye benchi la mtu anayemchukia. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini mwenye kiburi huumbuka kabla ya hapo.

"Ile sindano," alisema, amesimama mlangoni. "Fanya."

Twahiri hakuacha kuandika. "Kuichunga kungekutosha."

"Kuja kukuona weye kila miezi sita mpaka nizeeke? Afadhali unichome mara moja tuachane."

"Hatutaachana. Hata nikichoma, utarudi nipime kama imekufa kweli."

"Basi nitarudi. Dari yako naijua tayari."

Pengine mtu mwingine angecheka. Twahiri aliweka kalamu chini, akaanza kueleza, na chuki yote aliyokuwa nayo haikumfanya aruke neno hata moja. Hilo Pétronille aliliona, likamkera zaidi. Alimwambia moto unaweza kugusa mshipa wa sauti, kwa hiyo kwanza atapiga maji ya sukari katikati, yatenganishe mshipa na moto. Alimwambia itakuwa ganzi ya shingo tu.

"Hautalala," alisema. "Nitakapokuwa nachoma, weye utasema. Muda wote. Sauti ikianza kukwaruza, naondoa moto. Ukinyamaza, nitakuwa kipofu. Umesikia?"

"Niseme nini?"

"Sijali. Sema unachokijua."

"Na nani ataniambia kama mukono wako hautateleza makusudi?"

"Hakuna," alijibu. "Basi utajua mwenyewe kama unataka ama hautaki."

Ilikuwa siku ya tano ya juma. Umeme wa bwawa la Bendera ulikuwa umekatika tangu juzi, na jenereta la kliniki lilinguruma nyuma ya ukuta. Nesi alimbandika vibao vya baridi vya kupitisha umeme mapajani, akampa mto chini ya mabega mpaka shingo ikakaa wazi kama ya kuku wa sikukuu. Pétronille alimwomba Bikira, kisha akajitukana kwa kujileta. Kumkabidhi mtu shingo yako ni jambo zito hata kwa anayekupenda.

Ganzi iliuma, kisha hakukuwa na maumivu, kulikuwa na uzito tu, na joto la mbali linalopanda mpaka sikioni. Vidole vya Twahiri vilikuwa juu ya koo lake.

"Anza," alisema.

Alikusudia kusoma majina ya boti ya juzi, ambayo hayamhusu mtu humu ndani. Alianza vizuri. "Jérôme," aliita, akanyamaza kidogo, kisha tena, "Jérôme." Koo lilijua kazi yake, hata amelala chali, liliita mara ya kwanza upande mmoja, likangoja, likaita upande wa pili. "Maimouna. Maimouna, na watoto wawili. Cyrille. Cyrille." Nesi alitabasamu. Sauti ilikuwa safi. Lakini kichwa cha mtu kina njia zake, na hupenda njia iliyokanyagwa sana. Tangu mwezi wa pili kulikuwa na ukurasa mmoja uliokuwa unajisoma wenyewe kichwani mwa Pétronille kila anapofumba macho, na sasa, na ganzi na joto na woga, aliingia kwenye ukurasa huo bila kujua.

Aliyasoma yale majina kumi na moja kama alivyoyasoma siku ile. Mfululizo. La tisa lilikuwa Anwari.

Aliposikia alichosema, alifunga kinywa.

"Mama, sema," nesi alisema.

Mkono wa Twahiri ulikuwa bado pale pale.

"Hao wa mwisho umewaita mara moja moja," alisema polepole. "Wa kwanza wote mara mbili. Juu ya nini?"

Pétronille alitazama dari. Yale madoa hakuyaona.

"Sindano iko ndani," Twahiri alisema. "Ukinyamaza, sijui kama ni mushipa ama ni weye. Sema, mama."

Na ikawa lazima aseme, kwa sauti yote, kwa maana hiyo ndiyo sauti aliyokuja kuiokoa.

"Ilikuwa boti ya saba siku ile," alisema. "Mvua ilininyeshea tangu asubuhi. Watu walisukumana, mutoto mumoja alianguka majini wakamutoa. Ukurasa wa mwisho niliusoma wote nikitazama nchi kavu. Sikuita majini. Sikungoja muntu aseme niko. Karatasi ilisema Anwari, na mi nikasema Anwari."

"Endelea."

"Walikuwa kumi na moja. Kumi walikuwemo. Nikajiambia, kumi kati ya kumi na moja, Mungu atanisamehe. Nilijua siku ile ile. Nilimuona mama yako amerudi pale na sahani ya wali imefunikwa, boti imekuwa tupu, na nikajua. Ningesema usiku ule, ungeenda na boti yako. Nilipata haya. Ulipokuja kuniuliza, nikakuonyesha karatasi."

Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, na hakuweza kuyafuta. Alingoja moto. Alikuwa na hakika sasa utakuja. Kama yeye ndiye angekuwa ameshika sindano shingoni mwa mtu wa namna hiyo, angemchoma mpaka upande wa pili. Vidole vya dokta viliendelea na kazi yao. Hilo lilimwogopesha kuliko kama angepigwa.

"Nimekusikia," Twahiri alisema. Sauti yake ndiyo iliyokuwa imekwaruza. "Soma wa kufuata."

"Dokta..."

"Soma wa kufuata, nimalize kazi yangu."

Akasoma. Alisoma boti nyingine, na nyingine, kila jina mara mbili, mpaka dokta aliposema basi na kuivuta sindano. Nesi alibandika plasta ndogo pale palipokuwa na tundu. Kazi yote haikufika nusu saa.

"Sema jina lako," Twahiri aliamuru.

"Pétronille."

"Kwa nguvu."

Alisema kwa nguvu mpaka watu wa benchi nje wakageuka. Sauti ilikuwa nzima, haikupungua hata uzi.

Twahiri alivua glavu zake, akazitupa kwenye ndoo. Alikaa mbali naye, karibu na dirisha, na alipozungumza alikuwa anazungumza na dirisha.

"Mama yangu anamwekea Anwari sahani kila siku saa sita," alisema. "Miezi minane sasa. Nimemwambia Anwari hakupanda ile boti. Abiria yule nimempeleka kwake, akaapa mbele yake. Ameniambia, miye nilisikia jina, lilielekezwa kwangu, mutoto wangu yuko Kalemie na ninyi hamutaki kumutafuta. Mi haniamini. Anaiamini sauti yako tu."

Pétronille alishusha miguu kitandani.

"Ningeweza kukuacha bila sauti leo," dokta aliendelea. "Usifikiri sikuwaza. Lakini nani mwingine atamwambia? Nenda. Hiyo sauti niliyokuwachia, mupelekee mama yangu kwanza, kisha urudi bichi. Na mwezi wa nne uje nikupime. Usinisalimie."

Siku mbili hakwenda. Siku ya tatu alijifunga kitenge cha kanisani, plasta ikiwa bado shingoni, akapita njia ndefu, kisha akaona aibu ya njia ndefu. Alifika jua likiwa utosini. Nyumba ilikuwa na mlango wa mbao wa zamani, wazi nusu, na ndani alinusa wali wa samaki.

"Hodi," aliita.

Kitu kilianguka huko ndani. Nyayo zikaja mbio, nyayo za mtu mzima asiyepaswa kukimbia, na Mama Hidaya akatokea bila viatu, mtandio umemteleza, uso unacheka wote. Alikuwa ameijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

"Nilijua ungekuja weye," mzee alisema, akimshika mikono yote miwili. "Niliwaambia. Yuko wapi? Umemuacha bichi? Ita tena, mwanangu. Ita jina lake tena, nisikie."

Pétronille alikuwa amekuja na maneno. Aliyapanga njia nzima, akayapunguza, akayarudisha, na sasa akayaacha yote. Alitoa mikono yake polepole katika ile ya mzee. Kisha akageuka, akampa mgongo, akaelekeza uso kule chini ambako ziwa lilionekana katikati ya mabati ya nyumba, akaita kwa koo lote alilopewa.

"Anwari!"

Akangoja.

Watu wa barabarani walisimama. Mwuza mkaa alitua gunia lake. Mama Hidaya, aliyezaliwa ziwani na mama aliyezaliwa ziwani, alijua kinachofanyika, akainua uso naye, akategea maji sikio. Walingoja wote wawili, muda mrefu kuliko anavyongojwa mtu yeyote kwenye boti yoyote. Pétronille hakugeuka kuelekea nchi kavu.

"Siku ile," Mama Hidaya alisema nyuma yake, sauti imekuwa ndogo, "ulingoja hivi?"

"Hapana, mama. Siku ile sikungoja."

Alijua mzee anamtazama, anaitazama ile plasta. Alijiweka tayari kwa kofi, kwa mate, kwa laana. Kilichokuja ni mlango, ulifungwa taratibu, na komeo likasukumwa mpaka mwisho. Pétronille alibaki nje mlangoni, hajui kama ameruhusiwa kuondoka. Kutoka ndani alisikia kijiko kikikomba ile sahani ya saa sita, halafu mlango wa nyuma ukifunguliwa, halafu kuku wakiukimbilia wali.